Kikundi: Watoto na Wajukuu wa Babu

Shangazi Mwaju: Narudia maana jana mmesoma mkanyamaza. Rehema ana mtihani jumatatu na prufu hazimuingii kabisa, nataka mtu wa kukaa naye. Nani leo nani kesho??

Mama Rehema: Asante wifi. Hesabu za kawaida anaweza ila akikuta THIBITISHA KWAMBA anaganda

Dula: mi nikiambiwa nithibitishe naapa tu 😂

Tunu: 😂😂😂

Shangazi Mwaju: Dula si wewe ulotusumbua mwezi mzima na alama zako za hesabu? Leo saa moja uje

Dula: natoka kazini saa tatu shangazi. atume swali

Mama Rehema: 📷 Thibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2 si namba wiano

Anko Side: Kikokotoo kinasema 1.41421356 haijirudii. Imeisha hiyo

Dula: anko kikokotoo kinaishia kioo kinapoishia, huko mbele umejuaje? ajifanye anakubali kwanza kwamba ni namba wiano, yaani sehemu a/b ya namba nzima iliyorahisishwa mpaka mwisho, apige skwea pande zote apate a² = 2b², hapo a² ni shufwa na a yenyewe shufwa, aandike a = 2k airudishe humo, 4k² = 2b² yaani b² = 2k², b nayo shufwa. sasa zote zinagawanyika kwa 2 na tulishasema imerahisishwa mpaka mwisho, kwa hiyo tulichokubali mwanzo ni uongo

Tunu: kwani a² ikiwa shufwa lazima a iwe shufwa?

Dula: ingekuwa witiri ungepata (2m+1)² = 4m²+4m+1, witiri tena

Anko Side: Mnamchanganya mtoto. Ajaribu mifano mitatu minne, ikikubali aandike imethibitika

Dula: haya anko chukua n² + n + 41. weka 0, 1, 2 mpaka 39 zote zinatoa namba tasa. weka 40

Anko Side: 1681

Dula: 41 × 41 😁

Tunu: anko kazima data

Anko Side: Sijazima. Na kwa vile tumefika kwenye vikokotoo, changu kilichoazimwa "wiki moja tu" kiko wapi

Mama Rehema: Shemeji tusianze

Anko Side: Nauliza tu. Hata ile tuisheni ya kaka yake lawama nilibeba mimi

Shangazi Mwaju: SIDE

Baba Tunu: Habari za asubuhi ndugu, nani anaumwa?

Babu: Nimesoma yote. Mnajibizana wenyewe, mwenye mtihani hamjamuuliza. Atume daftari lake, mstari aliokwama auzungushie duara. Asiyeona kazi ya mtoto asimfundishe. Na kikokotoo kisitajwe tena humu.

Shangazi Mwaju: Sawa baba

Anko Side: Sawa mzee

Rehema: shikamoo babu, shikamooni wote. ya kaka Dula nimeelewa, sikujua kama naruhusiwa kuleta herufi mpya kama hiyo k. nilipokwama ni induksheni, ile ya kuonyesha n = 1 halafu kutoka k kwenda k+1. swali ni 1 + 3 + 5 + ... + (2n−1) = n². nikiandika tuchukulie ni kweli kwa k naona kama naiba, si ndo hicho hicho natakiwa kuthibitisha?

Babu: Marahaba. Umeuliza vizuri. Dula mjibu.

Dula: huibi, unasema IKIWA kweli kwa k basi na k+1 pia. ongeza witiri inayofuata 2k+1 pande zote, kulia unapata k² + 2k + 1 ambayo ni (k+1)². ila usiache kuonyesha n = 1, bila hiyo hujaanza popote

Rehema: ngoja nijaribu nitume

Shangazi Mwaju: Basi leo Dula saa tatu kwa simu, kesho Side, jumapili nani?

Anko Side: Ya kesho nitathibitisha

Dula: kwa mifano mitatu au minne? 😂

Shangazi Mwaju: Tunu jumapili?

Tunu: nitaangalia shangazi. Dula ile ya 41, ukiweka 41 je?

Dula: 41² + 41 + 41, hiyo hata hukokotoi, ni 41 × 43

Shangazi Mwaju: JUMAPILI NANI JAMANI