Naomba ushauri: mabati kwanza ama ng'ombe?

Habari zenu wakubwa, naomba mawazo. Mimi niko Kayole lakini wazazi wako Siaya, sasa juzi shirika moja limewatumia pesa kwa M-Pesa ya mama, hakuna masharti, ni zao kabisa. Mama anataka mabati juu paa la nyasi linavuja na kulirekebisha ni gharama haziishi, mzee naye amekazania ng'ombe wa maziwa (kiangazi atamlisha nini sijui). Nimejaribu kuwapatanisha kwa simu wapi, nikawaambia waifungie M-Shwari (akiba ya kwa simu) kwanza juu watu wa ukoo washaanza kuja kukopa. Nyinyi mngeanza na gani? Na nyanya hupata ile 2,000 ya Inua Jamii (pesa ya serikali ya wazee), hii pesa ya shirika inaweza fanya atolewe?