Bandari za Lingelbach: ushahidi au uzushi?

Mwalimu_Zamani: Johannes Lingelbach, mzaliwa wa Frankfurt 1622, mchoraji wa Amsterdam, katuachia bandari za Italia tele: wapagazi, matajiri wenye vilemba, watumwa wa makasia. Zifundishwe darasani kama ushahidi wa maisha ya pwani ile? Nasema ndiyo. Hata matanga ni kama ya majahazi yetu.

TurubaiTupu: Ushahidi gani! Mnara wa sanamu wa Livorno, bandari ya Italia, mtawala Ferdinando I juu na Wamoori (watu wa Afrika Kaskazini) wanne wa shaba wenye minyororo chini, anaupachika kwenye bandari za kubuni. Ni kazi ya karakana: sanamu maarufu pembeni, milingoti nyuma, mwanga wa manjano, watu mbele. Na miaka ya 1660, alipokuwa akizichora, alikuwa kesharudi Amsterdam zamani.

Foromali: Hapo kwenye "majahazi yetu" ngoja kwanza. Tanga la jahazi lina pembe nne, mbele limekatwa likabaki ukingo mfupi. La Mediterania ni pembe tatu kamili. Msituchanganyie.

Mwalimu_Zamani: Yote si yanafungwa kwenye foromali, ule mti wa kubebea tanga, uliokaa mshazari? Ubishi wa mafundi huo.

Foromali: Fundi akikosea watu wanazama, mwalimu akikosea anafuta ubao. Foromali ndefu ni miti miwili iliyopishanishwa katikati na kukazwa kwa kamba. Ukipishanisha kidogo, inakatika hapo hapo upepo ukizidi. Na ukigeuza chombo bila kulihamisha tanga, linabanwa na mlingoti, mwendo unakufa. Kwa hiyo unaupa upepo mgongo, unalegeza demani, unasimamisha foromali wima, unalipitisha tanga mbele ya mlingoti. Ndiko kukisi tanga.

BiBrashi: Chombo kikiwa bandarini tanga limekunjwa, kaka. Utahesabu pembe za nini? Mnaliacha kubwa: watumwa wa makasia Livorno walikuwepo kweli, na gereza lao lilikuwepo. Bandari ya kubuni, minyororo ya kweli.

TurubaiTupu: Wamoori wale ni wa mchongaji Bandini, wa 1595 hivi.

BiBrashi: Bandini alichonga Ferdinando wa marumaru tu. Wamoori ni wa Pietro Tacca, miaka ya 1620. Nami nilisema watu, sikusema shaba.

Mwalimu_Zamani: Foromali, hiyo demani unayolegeza ni kamba au msimu?

Foromali: Kamba, ya kuvutia pembe ya nyuma ya tanga! Ya msimu mngojee Mungu ailegeze. Na joshi nalo, kamba ya pembe ya mbele, usiliguse, hujaulizwa.