Chaja ya kW 150 inanipa kW 46 tu: anayebana ni gari au ni chaja?

Mshale

Wakuu, naombeni msaada wa kusoma hizi namba. Gari ni la umeme, mfumo wa volti 400, betri kWh 62, plagi ya CCS2 (aina ya plagi ya kuchaji haraka). Kitabu chake kinasema linapokea hadi kW 130 kwenye umeme wa DC, yaani wa chaja za haraka.

Chaja ya kwanza imeandikwa kW 150, ina kebo mbili, na ya pili ilikuwa kwenye gari la mtu mwingine. Kuanzia asilimia 31 skrini ilisoma ampea 125 na volti 368. Dakika 20 baadaye ampea zilikuwa zilezile 125, volti 381.

Chaja ya pili nayo ni kW 150, upande wa pili haukuwa na mtu. Kuanzia asilimia 66 ilitoa kW 58, ikashuka taratibu hadi 33 kwenye asilimia 80.

Halafu kuna wakati plagi inajifunga vizuri, skrini inaandika kwamba inaandaa, kisha inakata kabla umeme haujaanza kuingia. Na jingine: chaja inahesabu uniti nyingi kuliko zilizoongezeka kwenye betri. Je, naibiwa? Na kuchaji haraka kila mara kunaua betri?

fundi_wa_inveta

Umefanya jambo la maana kuandika ampea na volti, maana kW peke yake haisemi kitu. Zidisha: 125 × 368 ni kW 46, na 125 × 381 ni karibu 47.6. Hapo kW zinapanda kwa sababu volti za betri zinapanda jinsi inavyojaa, ila ampea hazisogei hata moja. Ampea zikiganda kwenye namba moja kama 125, 200 au 250, mara nyingi anayebana ni chaja. Gari likibana lenyewe, ampea hushuka kidogo kidogo, 187, 181, 176, hazigandi kwenye namba moja.

Kwa nini chaja ya kW 150 itoe ampea 125? Ndani ya kabati hakuna mtambo mmoja mkubwa. Kuna moduli kadhaa za nguvu, za kW 20, 30 au 50 kila moja, zinazogawiwa kwa kebo zilizo kazini. Jirani yako alikuwa ameshachukua sehemu yake, wewe ukapewa iliyobaki. Inawezekana pia moduli moja imekufa: chaja haizimi, inaendelea na zilizo hai, na kibandiko cha nje kinabaki kusema 150. Ili kutofautisha, angalia jirani anapochomoa. Nguvu ikiruka ndani ya dakika moja au mbili, ulikuwa mgawo tu. Isiporuka, simamisha, chomoa, uanze upya, kwa sababu chaja nyingine hugawa moduli mwanzoni tu na hazirudi kugawa tena. Ukianza upya na bado ni 125, toa taarifa kwa mwenye kituo ukitaja namba ya chaja na hizo ampea. Malalamiko ya "inachaji polepole" hayamsaidii fundi kitu.

Chaja ya pili haina kosa lolote. Kuanzia asilimia 66 ndivyo betri inavyotaka. Ioni za lithiamu lazima ziingie ndani ya grafiti (upande wa betri unaozipokea wakati wa kuchaji), na jinsi grafiti inavyojaa ndivyo nafasi zinavyokuwa finyu. Ukisukuma kwa nguvu ileile, nyingine hushindwa kuingia na kujipaka juu kama utando wa chuma, na hapo betri inapoteza uwezo moja kwa moja. Ndiyo maana kompyuta ya gari inapunguza ampea. Hiyo kW 130 ya kwenye kitabu huionja kati ya asilimia 10 na 40 hivi, betri ikiwa na joto zuri, basi. Fika na asilimia 10 hadi 20, ondoka kwenye 80. Kwa magari mengi, kutoka 80 hadi 100 kunakaribia kula muda sawa na kutoka 10 hadi 80.

BintiVolti

Naongezea la joto, maana ndilo linalosahaulika sana. Betri ya baridi hubanwa hata kama iko asilimia 15, na sababu ni ileile ya utando aliyoitaja fundi. Betri nyingi hupokea vizuri zikiwa kati ya nyuzi 25 na 40 hivi. Kama gari lako lina mfumo wa kuandaa betri, yaani kuifikisha kwenye joto hilo mapema, weka kituo cha kuchaji kama mwisho wa safari *kwenye ramani ya gari lenyewe*, ikiwezekana nusu saa kabla ya kufika. Ramani ya simu hata ikionyeshwa kwenye skrini ya gari mara nyingi haiambii betri kitu, na watu wengi wanakwama hapohapo. Baadhi ya magari yana kitufe cha kuwasha mfumo huo kwa mkono, kimefichwa kwenye menyu ya chaji.

Joto likizidi nalo linabana. Mwendo mrefu wa kasi kisha chaja mbili za haraka mfululizo, na gari lisilo na kipozeo cha maji kwenye betri (Nissan Leaf za vizazi viwili vya kwanza ndizo mfano unaojulikana) litakupa nguvu ndogo kwenye chaji ya pili. Hapo kubadilisha chaja hakusaidii, ni kusubiri tu au kupunguza mwendo kabla ya kufika.

kebo_nene

Mimi nijibu hilo la kukata kabla ya kuanza. Ukishachomeka, mambo hufuatana hivi: gari na chaja huzungumza kupitia pini ndogo za juu, gari linafunga plagi, chaja inapima kama kuna umeme unaovuja kwenye kebo, inapandisha volti zake zikaribiane na za betri, ndipo kontakta za gari (swichi kubwa za kuunganisha betri) zinafunga kwa mlio wa "tak" na ampea zinaanza. Yote huchukua sekunde 20 hadi 60. Ukijua imekatia wapi, umeshapata nusu ya jibu.

Ikikata mapema kabisa, shuku uzito wa kebo. Kebo ya DC ni nzito, inavuta mkia wa plagi chini, na sehemu ya juu inainuka milimita moja au mbili. Zile pini ndogo ziko huko juu. Kwa hiyo nyanyua mkia wa plagi kwa mkono, sukuma mpaka mwisho, ushikilie hivyohivyo mpaka usikie "tak" na ampea zianze kupanda. Ndipo uachie. Hii peke yake hutibu kesi nyingi ambazo watu wanasema chaja ni mbovu.

Ikifika kwenye kipimo cha kuvuja na kukataa, angalia maji au uchafu ndani ya plagi na soketi. Kung'uta, futa kwa kitambaa kikavu, jaribu kebo nyingine. Usipulizie dawa yoyote ya kulainisha na usiingize kitu cha chuma. Ukiona pini kubwa mbili za chini zimeungua au plastiki yake imebadilika rangi, usiitumie kabisa hiyo kebo: mgusano mbaya huchemka, na unaweza kuharibu soketi ya gari lako, ambayo si rahisi kubadilisha.

Ikishindwa mwishoni kabisa, wakati kontakta zinatakiwa kufunga, kapime betri ndogo ya volti 12. Ndiyo inayoziendesha, na ikiwa dhaifu gari hutoa makosa ya ajabu ajabu.

Halafu kuna mambo madogo. Kikomo cha chaji ulichoweka kwenye gari kikiwa asilimia 60 na wewe uko 62, gari litakataa, na chaja italaumiwa. Saa ya kupanga chaji ya usiku kwenye baadhi ya magari inazuia hata DC, izime. Chaja nyingi zinataka uchomeke kwanza ndipo uguse kadi au ubonyeze kwenye programu ya simu. Chache zinataka kinyume chake na zinakupa muda mfupi tu wa kuchomeka. Soma skrini. Na kitufe chekundu cha dharura kikiwa kimebonyezwa na mpita njia, chaja imekufa mpaka kirudishwe, mara nyingine mpaka mwenye kituo aiwashe upya kutoka kwake.

fundi_wa_inveta

Sahihi, ila uwe makini na neno "jaribu tena". Kila jaribio huweza kuzuia kiasi cha fedha kwenye kadi yako ya benki hata kama haikuchaji, kisha hurudishwa baadaye. Jaribu mara mbili kwenye kebo hiyo, ikigoma hamia nyingine.

Kuhusu uniti: huibiwi, si lazima. Mita ya chaja inapima kinachotoka kwenye kebo. Njiani gari linachukua cha kuendesha pampu na kipozeo cha betri, kiyoyozi kama umekaa ndani, na betri yenyewe inageuza sehemu kuwa joto. Chaja ikisema 42 na betri ikaonyesha imeongezeka 39, tofauti hiyo ya asilimia 7 ni ya kawaida. Ikifika asilimia 20 na kiyoyozi kimezimwa, hapo uliza. Na angalia unalipia nini: uniti au dakika. Ukilipia kwa dakika, kule kushuka kwako kutoka kW 58 hadi 33 kunakugharimu kweli, kwa hiyo ondoka mapema. Vituo vingi pia vinatoza kukaa baada ya chaji kumalizika.

Mshale

Asanteni sana, nimeelewa. Mawili tu yamebaki. Kuna chaja ya kW 350 njia hiyohiyo, je, inafaa kwangu? Na plagi ikigoma kutoka nifanyeje?

BintiVolti

Inafaa, ila si kwa sababu ya 350. Kebo nyingi zinazopozwa kwa maji zinaishia ampea 500. Kwa volti 370 hiyo ni kW 185, kwa hiyo gari la volti 400 halitaona 350 hata iweje, na lako litasimama kwenye 130 yake. Faida yako ni kwamba hata ikigawanywa kwa wawili, fungu lako bado linakutosha. Wenye magari ya volti 800 ndio wanaoifaidi. Nao wana shida yao: kwenye chaja ya zamani inayoishia volti 500, gari lazima lipandishe volti lenyewe. Hyundai Ioniq 5 hutumia mota na inveta yake, Porsche Taycan za mwanzo zina kifaa maalumu cha kW 50, au 150 kwa aliyeongezewa.

Kuhusu kuua betri: kW 46 kwa betri ya 62 ni mzigo mdogo, usikose usingizi. Kinachoichosha zaidi ni kuiacha imejaa 100 kwenye joto kali siku nzima. Kama betri yako ni ya LFP (aina ya lithiamu yenye madini ya chuma na fosfeti), fuata kitabu kinachosema uijaze 100 mara kwa mara, maana volti zake hazibadiliki sana katikati na kompyuta hupoteza hesabu.

kebo_nene

Plagi ya CCS2 hufungwa na pini iliyo upande wa gari, si wa chaja. Kwanza simamisha kwenye skrini au programu, subiri ampea zisome 0. Fungua milango kwa ufunguo. Ikigoma, sukuma plagi *ndani* huku umenyanyua mkia wake, kisha bonyeza kufungua tena: mara nyingi pini imebanwa na uzito wa kebo. Funga na kufungua gari mara mbili tatu. Ikishindikana, magari mengi yana kamba ya dharura karibu na soketi, ndani ya buti au chini ya boneti. Kitabu kinaonyesha ilipo. Ivute taratibu baada ya chaji kusimama, si kabla, kisha toa plagi kwa kuinyoosha bila kuitikisa kushoto na kulia.