Mjadala: Rada za boti za abiria ziwe kaskazini juu kwa lazima?

Nahodha wa Nakiwogo:
Ndugu zangu wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda, tubishane. Mimi nasema sheria iamue: boti ya abiria yenye rada, kioo kikae kaskazini juu, yaani kaskazini ibaki juu ya kioo hata boti ikigeuka, basi. Usiku mmoja tukiteremka Kalangala nilipokea usukani kwa mwenzangu. Nimezoea mbele juu: picha inageuka na boti, kilicho kulia kwenye kioo kiko kulia dirishani. Yeye alikuwa ameacha kaskazini juu. Tunaelekea kusini, doa la chombo kingine liko kulia kwa kioo, nikakata kushoto kulikwepa. Kumbe kulia kwa kioo ni mashariki, na ukitazama kusini, mashariki iko kushoto kwako. Nikawa nalifuata! Tochi ya wavuvi ndiyo iliyoniokoa. Kioo kingekuwa namna moja kwa wote, nisingepotea.

Fundi, Port Bell:
Pole mzee, ila hapo kosa ni la kukabidhiana zamu. Mstari wa mwelekeo, unaoonyesha pua ya boti, ulikuwa umeelekea chini kwenye kioo, hukuutazama. Halafu kaskazini juu inataka dira ya elektroniki iliyounganishwa na rada. Boti nyingi ninazozifungua zina GPS tu. GPS inajua boti inakokwenda, haijui pua imeelekea wapi. Upepo ukikusukuma ubavu, au ukipunguza mwendo kuingia gatini, picha inapotoka. Mtalazimisha watu waamini uongo.

Mpakia mizigo, Masese:
Kaskazini juu naiunga mkono, inalala sawa na ramani. Visiwa vya Ssese tunakopita ni 84, ramani unaihitaji. Kwenye mbele juu, wimbi likiyumbisha pua vyote vinapakaa kioo. Lakini namna kioo kinavyoonyesha mwendo msiiguse! Boti yangu ikae katikati, madoa ndiyo yatembee. Doa ambalo mkia wake unanyooka kuja katikati, hilo linakuja kukugonga. Kuna wanaopenda mwendo halisi, boti itembee kwenye kioo na visiwa vitulie. Ni kweli unatambua upesi kipi kisiwa na kipi chombo, ila nani anakugonga inabidi upige hesabu kichwani.

Mama Samaki, Kalangala:
Mei 2005 Kabalega na Kaawa, meli kubwa za kubeba mabehewa ya treni, ziligongana humuhumu, Kabalega ikazama. Je, mtumbwi wa mbao wa mume wangu? Kwenye kioo chenu hauonekani vizuri, mkigeuze mtakavyo. Anzeni na kitu cha kutuonyesha sisi.

Nahodha wa Nakiwogo:
Fundi, la mstari umenishinda. Basi dira iwe sharti kwanza, kaskazini juu ifuate. Na anayekabidhi ataje kwa sauti: "kaskazini juu, boti katikati, kioo kinaona maili tatu." Anayepokea arudie ndipo ashike usukani. Mama, hicho kitu ni bei gani?

Fundi, Port Bell:
Ni vipande vya bati vinavyokutana kwa pembe mraba, mawimbi ya rada yarudi yalikotoka. Hata hapa tunakata. Kiwekwe juu ya mlingoti, si chini ya turubai pamoja na samaki.