Fundi kanifutia mipito yote kwenye mkanda wa karaoke, na bado mnaniambia "ni Toaster hiyo"!

Wakuu, mnivumilie, nina hasira.

Marehemu mjomba alikuwa na grosari pale Mafiat, hapa Mbeya. Ijumaa usiku watu waliimba karaoke kwa deki ya VHS. Mkanda mmoja umeninyima raha muda mrefu: msichana yuko ufukweni, ghafla picha yake inavunjika vibao vibao kama vigae, inasinyaa nzima nzima, inakimbilia kona ya juu kushoto, milima inaingia. Nilitaka kujua ni mtambo gani uliofanya ule mpito wa picha moja kwenda nyingine, basi. Nyie jibu lenu ni moja tu: Video Toaster, mtambo wa kuhariri video kwa kompyuta.

Nikaupeleka kwa fundi mmoja pale Mwanjelwa auhamishie kwenye flashi. Nilimwambia mara tatu: usiguse kitu! Nimerudi nakuta picha imetanuliwa ijae kioo cha simu, maneno ya wimbo yamekatwa chini, herufi zimebaki vichwa bila miguu. Na mipito yote kaitoa! Kabandika ya programu ya simu, vinyota vinameremeta. Eti, "Nimekusafishia kaka, yale yalikuwa mambo ya kizamani." Juu ya hapo deki yake imetafuna mkanda palepale kwa msichana. Pamekunjamana kama ganda la muwa.

Mnaelewa kilichopotea? Picha mpya ikiifunika tu ya zamani, mikisa yoyote, yaani mashine ya kuchanganya picha, inaweza. Lakini picha ikisinyaa na kutembea, lazima mtambo uwe na kumbukumbu ya dijitali inayoishika fremu, yaani picha moja nzima, kwanza, ndipo uichezee. Vigae na picha ya kugandaganda vilikuwa kazi ya mikisa za aina ya Panasonic WJ-MX50, ambazo hata studio ndogo za harusi zilimudu. Picha ikipinduka hewani kama ubao, unafikiria Ampex ADO. Ikijiviringisha kama ukurasa, Quantel Mirage. Hiyo miwili ilikuwa mitambo ya vituo vikubwa vya TV vya miaka ya 1980, mtu wa kawaida haigusi. Kwa hiyo mpito wa sekunde moja ungeniambia waliorekodi mkanda ule walikuwa watu wa uwezo gani.

Halafu kuna nyie mnaojibu "Video Toaster" kila uzi wa mambo haya, bila hata kuuliza mkanda ni wa mfumo gani. Toaster ilitoka 1990, kadi ya kuchomeka kwenye Amiga, na ilifanya kazi kwa NTSC tu, mfumo wa TV wa Marekani, picha ya mistari 525. Mkanda wangu ni PAL, mfumo wa TV wa huku kwetu, mistari 625. Mtasema uligeuzwa baadaye. Mkanda uliogeuzwa, mara nyingi mwendo hushtukashtuka. Mimi niliupitisha fremu kwa fremu kwenye deki ya mjomba kabla haijafa, ulikuwa laini kama maji. Sasa siwezi hata kuwaonyesha, maana faili la fundi limevuruga kila kitu.

Fundi hataki kurudisha hela, anasema kazi kaifanya.

Nimebakiwa na mikanda mitatu ya seti ileile. Haiendi tena kwa fundi. Mwenye deki nzima ya PAL, Mbeya au hata Iringa, naomba aniambie, nitaifuata mwenyewe na basi la asubuhi. Nitarekodi picha kama ilivyo, pembe zake zote nne, na nitaileta hapa hapa. Na ukijibu, taja unachokiona kwenye picha kwanza, jina la mtambo baadaye.