Usukani wa Cessna 206 mzito ukikata kulia, ndege inalala nje Mtwara. Nianzie wapi?

Chuno_Fundi
Wakuu, habari za leo. Ndege ni Cessna 206, haina banda, inalala nje na upepo wa bahari unaipiga usiku na mchana. Ukikata usukani kushoto unakwenda laini. Ukikata kulia, nusu ya mwisho unakuwa mzito na mkononi unasikia kama mchanga unasagika. Asubuhi kuna unafuu, saa nane mchana inazidi. Eleveta (ya kuinua na kushusha pua) na pedali hazina shida. Mimi bado mwanafunzi, anayesaini ni fundi mwenye leseni. Kuna wanaosema kebo zilegezwe kidogo, wengine zipuliziwe oili. Kipi sahihi?

Hesi_Kushoto
Hakuna hata kimoja, mkuu. Ukilegeza kebo unaficha kilichokwama, na kebo legevu inaweza kuchomoka kwenye roda (kigurudumu chenye mfereji kinachoongoza kebo) ndege ikiwa angani. Tafuteni kwanza uzito unatoka wapi.

Mzunguko wa aileroni (vibao vya ukingo wa nyuma wa mabawa vinavyoilaza ndege upande) umefungamana: kebo mbili zinatoka kwenye usukani hadi belikranki (wenzo wa pembe unaogeuza mwendo wa kebo) ya kila bawa, na ya tatu inaunganisha belikranki hizo mbili. Ukikata upande wowote, roda zote zinazunguka. Kwa hiyo uzito wa upande mmoja tu, tena nusu ya mwisho, unaniambia kuna kipande fulani cha kebo kinachofika kwenye roda hapo tu, au kuna kitu kinagusa hapo tu. Mara nyingi ni nyaya za umeme au bomba nyuma ya dashibodi. Anza huko na tochi, mwenzako akizungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho.

Kama ni safi, fungua vifuniko vya ukaguzi chini ya bawa, tenganisha fimbo inayotoka belikranki kwenda aileroni, kisha inua na ushushe aileroni kwa mkono. Ikiwa nzito, tatizo ni bawaba au beringi ya ncha ya fimbo. Ikiwa nyepesi, rudi kwenye kebo na roda. Fanya bawa moja moja. Kama ndege ina rubani wa mitambo (autopilot), injini yake ndogo nayo ina kebo iliyofungwa kwenye mzunguko huohuo. Isisahaulike.

Chaki_Moja
Naongezea ya roda. Chora mstari wa chaki kwenye kila roda na kwenye kebo inayopita juu yake, kisha mwenzako azungushe usukani. Mstari wa roda usipotembea pamoja na wa kebo, roda imekwama na kebo inasuguliwa palepale. Mfereji wa roda nao unasema mengi: ukilika upande mmoja, roda haijalingana na kebo, ukiwa na alama za msokoto wa kebo, kebo ilikazwa kupita kiasi, ukiwa na sehemu bapa, haikuzunguka siku nyingi. Beringi za roda hizi zimezibwa, usizipake chochote. Ikigoma, badilisha.

Chuno_Fundi
Na kwa nini mchana izidi?

Hesi_Kushoto
Joto. Mwili wa ndege ni alumini, kebo ni chuma, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kaboni. Jua la saa nane likiunguza bawa, bawa linarefuka kuliko kebo na kebo inakaza. Kwa hiyo msipime mkazo ndege ikiwa imeungua nje upande mmoja na upande mwingine kivulini. Iacheni ifikie joto moja, kisha someni jedwali la marekebisho la kitabu cha matengenezo cha toleo lenu. Namba ya mkazo ya Cessna 172 si ya 206, na 206 yenyewe ina matoleo.

Kipima mkazo kiwe ndani ya tarehe yake ya urekebishaji, kikiwa na kipande kinacholingana na unene wa kebo. Pimeni angalau inchi 6 kutoka kwenye roda au kiungo, mara tatu, chukueni wastani.

Chumvi_Na_Kebo
Sasa hiyo oili ya kupulizia. Kebo ya 7x19 ina nyuzi 7 zenye waya 19 kila moja, jumla 133, na kiwandani hupakwa mafuta hadi ndani. Ukipulizia dawa ya kusafishia au oili nyepesi, unayaosha hayo mafuta ya ndani. Chumvi ya pwani inaingia mahali pake, kutu inaanzia katikati usikokuona. Futa kwa kitambaa kikavu, au kilicholowa kidogo tu, kisha paka kinga ya kutu iliyotajwa kwenye kitabu. Ukiona vumbi la kahawia linatoka ndani ya msokoto, legeza kebo, ikunje kwa mkono, uangalie kati ya nyuzi.

Kutafuta waya zilizokatika, pitisha kitambaa, si kidole. Kitanasa. Kagua zaidi sehemu zinazopita kwenye roda na kwenye vipande vya plastiki vya kuongozea. Waya za nje zikilika hadi kuonekana zimeungana, yaani kama asilimia 40 hadi 50, kebo ni ya kutupa.

Chuno_Fundi
Asanteni. Nyuma ya dashibodi ni safi, aileroni zote nyepesi kwa mkono. Chaki imeonyesha roda moja ya bawa la kulia haizunguki, ina sehemu bapa. Kebo pale imenasa kitambaa mara mbili.

Hesi_Kushoto
Basi mnabadilisha roda na kebo pamoja. Roda mpya chini ya kebo mbovu italika upesi. Kabla ya kufungua kikaza kebo (pipa dogo lenye hesi linalounganisha na kukaza ncha mbili za kebo), funga ncha ili zisidondoke kwenye roda nyingine, na uweke lebo kila ncha. Rudisheni vile vizuizi vya roda vinavyozuia kebo isitoke; ndivyo vinavyosahaulika. Kikaza kina hesi ya kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili (mfereji kwenye pipa unaonyesha upande wenye hesi ya kushoto). Kazi ikiisha zisionekane hesi zaidi ya tatu nje ya pipa kila upande, kisha fungeni klipu au waya wa usalama. Kotapini (pini ya kukunja inayozuia nati isifunguke) iwe mpya, ya zamani tupa.

Mikindani_Gofia
Halafu jambo la kuua: kebo zilizopishana, yaani zimefungwa kinyume. Shika usukani kwa mikono miwili, vidole gumba vimesimama juu. Kata kushoto: gumba zinaelekea kushoto, na aileroni ya kushoto lazima iwe juu, ya kulia chini. Geuza, angalia tena. Baada ya hapo mtu wa pili mwenye sifa, ambaye hakushika spana, akague na kusaini ndege kabla haijaruka. Asikague kwa kuambiwa, afungue vifuniko aone.

Na ikiwa inalala nje msimu wa kusi, funga kufuli ya usukani. Upepo ukipigapiga aileroni kwenye vizuizi vya mwisho, unapinda belikranki.

Kikwetu_Lindi
Samahani kuingilia. Helikopta ya R44 ikiwa nzito hivi ni kebo pia?

Chumvi_Na_Kebo
Hapana, kaka. R44 hupeleka amri kwa fimbo za kusukuma na kuvuta. Yenye haidroliki ina servo (silinda za kusaidia nguvu) tatu chini ya sahani ya rota, pedali hazisaidiwi. Fimbo anazoshika rubani zikiwa nzito ghafla, angalia kwanza swichi ya haidroliki, kisha kiwango cha mafuta na uvujaji. Fungua uzi wako, tusichanganye na wa 206.