Miaka 47, naogopa kuuliza swali mbele ya darasa la mtandaoni

MuuguziKorogwe
Wakuu, habari za humu. Mimi ni mama, muuguzi, nina miaka 47, nasoma shahada kwa mtandao katika chuo kimoja cha Marekani. Wiki ya masomo inafungwa Jumatano usiku kwa saa za kwao. Kwangu hiyo ni Alhamisi saa 2 kasorobo asubuhi, ndiyo kwanza natoka zamu, macho mekundu. Kila wiki unaandika hoja jukwaani, unajibu wenzako watatu, nao wanakupa alama. Hoja naandika. Kuuliza ndiko kunanishinda. Sasa tuko kwenye mkengeuko sanifu (standard deviation, kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani): kitabu kinasema ugawe kwa n-1, yaani idadi ya uliowapima kutoa moja, hakisemi kwa nini. Nimeandika swali mara nne, nikafuta mara nne. Wenzangu Kiingereza kinawatiririka, na kuna mmoja ananiita "bro". Mliosoma ukubwani mlianzaje?

Namba_Tu
Shikamoo mama. Wapo walimu wanaolikwepa swali hilo. Tuseme umepima vichanga watatu: kilo 2, 3 na 4. Wastani 3. Tofauti zao ukizipiga kipeo cha pili zinajumlika 2. Kabla ya kutafuta kipeuo cha pili, ukigawa kwa 3 unapata 0.67, ukigawa kwa 2 unapata 1. Sasa, huo wastani umeutoa kwa vichanga haohao, kwa hiyo umewakalia karibu kuliko wastani wa vichanga wote wa wilaya. Tofauti zinaonekana ndogo mno. Kugawa kwa 2 kunazipandisha kidogo. Halafu ukijua wastani na uzito wa wawili, wa tatu hana pa kwenda, uzito wake umeshajulikana. Walio huru ni wawili tu.

BabuWaKituo
Mimi nilisoma Chuo Kikuu Huria enzi tunachukua vitabu kituo cha mkoa. Ukikwama ukurasa wa 40 unasubiri hadi siku ya kuonana na mwalimu ana kwa ana. Maswali nilikuwa nayaandika nyuma ya risiti, naweka mfuko wa shati. Siku moja nilifika nayo 11, na matatu sikukumbuka tena nilitaka kujua nini. Mama, uliza usiku huohuo swali likiwa bado la moto. Kuhusu "bro", mwache, hajui.

Kipepe
Kariri fomula, chukua alama, songa mbele. Cheti hakiandikwi ulielewa nini.

MuuguziKorogwe
Kipepe, mimi napima watoto kila siku, nikikariri nitaumbuka. Mwanangu Namba_Tu, marahaba, mfano wa vichanga nimeuelewa nikiwa nao wodini.
Nimelituma swali jana saa 9 usiku, wodi imetulia. Nikazima simu kabisa, nisione. Asubuhi nimekuta majibu matano. La kwanza ni la yule wa "bro": naye hakuwa ameelewa, wiki nzima anagawa tu kama alivyoambiwa. Nimempa vichanga wako watatu.
Bado ananiita bro.